Kuzima jeni ndani ya jicho bila kuzima nuru yake

Alhamisi iliyopita alikuja kliniki mzee mmoja kutoka Kibosho, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku uso wake ukielekea kando kidogo ya pale nilipokaa. Nusu ya habari nikawa nimeshaijua kabla sijawasha tochi. Alisema giza likianza kuingia haendi popote. Alipokuwa kijana alitumbukia kwenye mfongo, mfereji uleule wa kihambani kwao aliokuwa akiuruka tangu utotoni. Usiku ule wenzake waliuona, yeye hakuuona. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na shangazi yake pia. "Kwetu ni ugonjwa wa ukoo, daktari," alisema. "Unashuka tu."

Nilipochungulia ndani ya jicho nilikuta mishipa ya damu imekonda kama nyuzi, kichwa cha neva kimepauka kama nta, na pembeni kote kumetapakaa madoa meusi yenye vijimiguu, mithili ya masizi kwenye ukuta wa jiko la kuni. Katikati palikuwa bado salama. Kwa hiyo mzee anasoma Biblia yake mchana bila shida, ila mbuzi akipita ubavuni kwake hamuoni. Ugonjwa huu unaitwa retinitisi pigmentosa, na duniani humpata takribani mtu 1 kati ya 4,000.

Mwanawe anafanya kazi Arusha. Walimpigia tukiwa palepale, simu ikawekwa spika, naye akauliza swali lililonikalisha kuandika haya: "Daktari, nimesoma kwamba siku hizi jeni mbaya inazimwa. Kwa nini mzee asizimiwe?"

Kabla ya kurudi Moshi nilikaa maabara miaka kadhaa nikifanya kazi hiyohiyo, kunyamazisha jeni za seli za retina. Jibu fupi nililompa kwenye simu halikumtosha, na mimi pia halikunitosha. Haya basi, jibu refu.

Retina ni pazia jembamba la nyuma ya jicho. Unene wake haufiki nusu milimita. Ndani yake kuna seli fimbo zaidi ya milioni 90, zinazotuonesha njia gizani, na seli koni kama milioni 5, zinazosoma herufi na kutofautisha rangi. Ukiitazama seli fimbo kwa darubini ya elektroni, ncha yake ni rundo la visahani kama 1,000, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati ndani ya hotipoti. Visahani hivyo vimejaa protini moja, rodopsini, na hiyo ndiyo inayonasa mwanga. Rodopsini ina kipande kitokanacho na vitamini A, ndiyo maana mtoto asiyepata mchicha, karoti wala viazi lishe naye huanza kupapasa njia jioni. Mtoto huyo akipewa vitamini A mapema, anaona tena. Mzee wangu hataponywa na karoti. Nalisema hili wazi kwa sababu familia yake imeshauza ng'ombe kununua matone na vidonge vya watu wanaojua fika kwamba havisaidii, na inaniuma.

Seli fimbo haipumziki. Kila siku inaangusha visahani vya nchani na kutengeneza vipya kwa chini, na baada ya siku kama 10 rundo zima limekuwa jipya. Maelekezo ya rodopsini yamo kwenye jeni iitwayo RHO, katika kromosomu ya 3. Jeni hiyo ikiwa na herufi moja iliyokosewa, kosa hilo linachapwa upya kila siku, kwa wingi usiohesabika, maisha yote.

Mwaka 1990 kundi la Thaddeus Dryja huko Marekani lilitambua kosa la kwanza la namna hiyo. Rodopsini ni mnyororo wa asidi amino 348, yaani vijenzi vinavyounda protini. Kwa wagonjwa wale, kwenye nafasi ya 23, prolini ilikuwa imetoka na histidini ikaingia mahali pake. Kwa sababu hiyo tu protini inajikunja vibaya, inakwama ndani ya seli badala ya kufika kwenye visahani, seli inaelemewa na mwishowe inakufa. Tangu hapo makosa tofauti zaidi ya 100 yamegunduliwa kwenye jeni hiyohiyo moja. Na seli fimbo zikishaisha, koni nazo hufuata, ingawa koni hazitumii rodopsini hata chembe. Zinakufa kwa msiba wa jirani.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za RHO, moja ya baba na moja ya mama. Katika ugonjwa unaoshuka namna hii, kutoka mzazi hadi mtoto bila kuruka kizazi, nakala moja mbovu inatosha kuleta madhara. Ile nzima ipo na inafanya kazi yake, lakini haiwezi kumzuia mwenzake. Ndiyo maana tiba ya jeni ya RPE65, jeni nyingine ya jicho, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, haimfai mtu wa aina hii hata kama angekuwa na dola 850,000, bei iliyotangazwa kwa macho mawili. Ile tiba inamwongezea jeni mtu ambaye nakala zake zote mbili hazifanyi kazi. Hapa shida ni nakala inayofanya kazi mbaya. Lazima inyamazishwe.

Inanyamazishwaje? DNA ni kama daftari kuu lililofungiwa ofisini, halitoki. Kinachotoka kwenda karakana ya seli ni nakala zake, ziitwazo RNA mjumbe, na mafundi hutengeneza protini kwa kuzisoma. Kunyamazisha jeni ni kuzikamata nakala hizo njiani na kuzikatakata. Daftari linabaki lilivyo.

Dalili za kwanza zilionekana kwenye maua. Mwaka 1990 watafiti waliipa petunia jeni ya ziada ya rangi ili izidi kuwa ya zambarau, na baadhi ya maua yakatoka meupe kabisa. Maelezo yalikuja mwaka 1998, pale Andrew Fire na Craig Mello walipoonesha kwa minyoo midogo kwamba RNA yenye nyuzi mbili ndiyo inayowasha mtambo wa kunyamazisha. RNA ya uzi mmoja haikufua dafu. Walitunukiwa Nobeli mwaka 2006. Ndani ya seli kimeng'enya kiitwacho Dicer huikata RNA hiyo ya nyuzi mbili kuwa vipande vya herufi 21 hadi 23, kisha uzi mmoja wa kipande hicho huwekwa kwenye protini nyingine na kuiongoza, kama picha ya mtu anayetafutwa. RNA mjumbe yoyote yenye herufi zinazolingana nayo inakatwa.

Kwa mtafiti wa retina hii ni zawadi kubwa, maana ukitaka kujua jeni fulani inafanya kazi gani, unaizima na kutazama kinachoharibika. Mimi nilipewa jeni ya MERTK. Nyuma ya seli fimbo kuna safu ya seli zenye rangi nyeusi ambazo kazi yake mojawapo ni kumeza visahani vinavyoangushwa. Tulizikuza kwenye visahani vya plastiki, nikazinyamazishia MERTK, siku ya tatu nikazilisha vipande vya seli fimbo vilivyopakwa rangi ya kijani inayong'aa. Chini ya darubini, zile ambazo sikuzigusa zilikuwa na punje za kijani tumboni. Zile nilizozinyamazisha zilikuwa na punje hizohizo zimegandia nje, juu ya ngozi ya seli, hazijamezwa. Zilikuwa kama mtoto aliyeweka tonge mdomoni akasahau kumeza. Nilikaa pale hadi taa za korido zikazimwa.

Lakini jaribio langu la kwanza kabisa nililitupa. Mwalimu wangu hakutaka hata kuona picha zangu nzuri. Aliomba kwanza kisahani cha ulinganisho, kile nilichotia RNA yenye herufi zilizovurugwa, isiyolingana na jeni yoyote. Seli zake nazo zilikuwa zimekonda na kuanza kufa. Nilikuwa nimetia RNA nyingi mno, na seli zilikuwa zinaugua kwa wingi wa RNA yenyewe, si kwa kukosa MERTK. Kunyamazisha si kazi ngumu. Kazi ni kunyamazisha kimoja tu.

Kosa kama hilo limewahi kutokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Jicho lilikuwa mahali pa kwanza kujaribiwa dawa ya RNA za aina hii kwa binadamu, mwaka 2004, na sababu ni rahisi: jicho ni dogo, limefungika, dawa haisambai sana mwilini, unaweza kuchungulia uone kinachoendelea, na jicho la pili linabaki kuwa shahidi. Dawa ile, bevasiranibu, ililenga VEGF, protini inayochochea mishipa mibovu ya damu kuota chini ya retina kwa wazee. Ni protini ileile tunayoipiga kwa sindano za bevasizumabu kwa wagonjwa wetu wa kisukari. Mwaka 2008 kundi la Jayakrishna Ambati likaonesha kwenye panya kwamba RNA fupi yoyote ile, hata isiyolenga chochote, ilipunguza mishipa hiyo. Ilikuwa inagusa kengele ya kinga ya mwili iliyo juu ya seli, inayoitwa TLR3, bila hata kuingia ndani. Mwaka uliofuata jaribio kubwa la bevasiranibu lilisitishwa. Niliisoma makala ile nikakumbuka kisahani changu cha ulinganisho.

Wapo waliokata tamaa, na sikubaliani nao. Mwaka 1998, miaka sita kabla ya jaribio lile, Marekani ilikuwa imeshaidhinisha fomivirseni, dawa ya uzi mmoja wa herufi iliyodungwa ndani ya jicho kuzuia virusi vya CMV visiendelee kula retina za wagonjwa wa UKIMWI. Iliondoka sokoni baadaye kwa sababu ya kufurahisha: dawa za kufubaza VVU zilifanya ugonjwa wenyewe uwe nadra. Na mwaka 2018 iliidhinishwa patisirani, dawa ya kwanza ya RNA fupi za nyuzi mbili, kwa ugonjwa wa neva unaotokana na protini mbovu ya ini. Njia inapitika.

Nirudi kwa mzee. Ungetengeneza RNA ya kukamata nakala mbovu pekee ya RHO, ungekutana na vikwazo viwili. Nakala mbovu na nzima zinatofautiana kwa herufi moja, na mkasi wa seli si mwepesi kuona tofauti ndogo namna hiyo. Halafu makosa yako zaidi ya 100. Lile la nafasi ya 23 limeonekana zaidi Marekani. Dawa iliyoshonwa kwa kipimo chake haitamtosha mtu wa Kibosho ambaye kosa lake liko kwingine. Kila ukoo ungehitaji dawa yake, na sijui nani angetengeneza dawa kwa ajili ya ukoo mmoja wa mlimani.

Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye njia nyingine, ambayo kundi la Jane Farrar la Dublin na wengine wameifuata kwa miaka mingi: nyamazisha nakala zote mbili, mbovu na nzima, kisha leta RHO mpya. Mtu atauliza, mkasi hautaikata na hiyo mpya? Hautaikata, kwa sababu lugha ya jeni ina visawe. Maneno tofauti ya herufi tatu huita asidi amino ileile. Ukiagiza kila karatasi yenye neno "runinga" ichanwe, ile iliyoandikwa "televisheni" itapona, na msomaji ataelewa kitu kilekile. Jeni mpya inaandikwa kwa visawe.

Mwaka 2018 watafiti wa Pennsylvania na Florida walichapisha matokeo ya mbwa waliozaliwa na kosa la RHO, ambao seli fimbo zao hufa wakimulikwa mwanga mkali. Virusi mmoja asiye na madhara alibebeshwa vyote viwili, kinyamazishi na jeni mpya, akadungwa chini ya retina. Kinyamazishi kikiwa peke yake kiliondoa karibu RNA yote ya rodopsini, na visahani vya seli fimbo vikapotea. Vyote viwili vilipokuwa pamoja, seli zilisimama imara, na kinga hiyo ilidumu zaidi ya miezi 8. Nimezitazama picha za retina zile mara nyingi. Mpaka kati ya eneo lililodungwa na lisilodungwa unaonekana kama mpaka wa shamba: upande huu safu nene za seli, upande wa pili zimefyekwa.

Njia hii haiulizi herufi gani imekosewa. Kwa familia ambazo jeni zao hazijasomwa na mtu yeyote, hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo ni lazima tujue kwanza kwamba jeni yenye kosa ni RHO kweli, kwa sababu zipo jeni nyingine nyingi zinazoleta madoa yaleyale ya masizi. Na seli iliyokwisha kufa hainyamazishiwi kitu. Tiba ya namna hii itawafaa wale ambao seli zao zingali hai.

Hayo ndiyo niliyomweleza mwanawe jioni ile nilipompigia tena. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mzee." Nikamwambia ndiyo, si mzee. Akauliza kuhusu binti yake, yule aliyekuja amemshika babu mkono.

Nilikuwa nimeshampima. Nilichora ukoo wao kwenye karatasi, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, nikajaza wino kwa wale wenye kupapasa usiku, na duara lake nikaliacha wazi. Kisha nikazima taa ya chumba, nikamwomba atembee kutoka mlangoni hadi mezani, nikiwa nimeweka kigoda katikati bila kumwambia. Alikizunguka. Retina yake haina doa, ila katika umri wake hilo halitoshi, kwa hiyo nimemwandikia arudi kila mwaka, na tutachukua damu yake pamoja na ya babu.

Waliondoka saa nane mchana. Mzee aliniomba nisiwacheleweshe, wawahi kufika kabla jua halijazama.