Kufunga drip (mipira ya kumwagilia kwa matone) siyo ruhusa ya kubana mahindi

Wiki hii nimeulizwa tena, salamu yenyewe hata haijaisha: "Mtaalamu, si nimefunga drip? Basi nimebana 60 kwa 20." Nikashika kichwa. Yaani sentimita 60 kati ya mistari na 20 kati ya miche. Hiyo ni miche kama elfu 33 kwa heka (ekari), karibu mara mbili ya 75 kwa 30 mche mmoja mmoja, ambayo inakupa elfu 18 hivi. Tenki la ngapi mzee wangu? Lita 5,000, tena kwa kujidai.

Haya, tupige hesabu. Milimita moja ya maji kwenye heka ni lita kama 4,000. Mahindi yakianza kutoa mbelewele (ua la dume la kileleni), kwa jua hili la Dodoma na upepo wake, yanataka milimita 6 hivi kwa siku, yaani lita elfu 24. Tenki lako ni milimita moja na kidogo, hata mipira ingekuwa ya dhahabu.

Watu wanadhani drip inafanya mahindi yanywe kidogo. Hayanywi kidogo! Drip inaokoa maji ambayo mahindi yasingeyanywa kabisa: yale ya mtaroni yanayozama chini ya mizizi, hasa kwenye kichanga, na yale yanayolambwa na jua katikati ya mistari miche ikiwa bado midogo. Majani yakishafunika ardhi jua linavuta karibu kilekile, uwe na elfu 18 au elfu 33, ila ukibana yanafunika mapema, unyevu unaisha mapema, na mgao wa kila mche unakuwa kiduchu.

Shambani kwake nilienda. Mbelewele zimeshamwaga chavua yote, halafu ndevu za kuipokea, kwa kiu, ndo kwanza zinachungulia, yaani bwana harusi kashaondoka. Nikamenya hindi moja, punje zimekaa kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mbolea leo siigusi, tutagombana.

Mimi mwenyewe kwa shamba la mvua naendaga 90 kwa 30, kama elfu 15 kwa heka. Mwaka mzuri najuta, mwaka mbaya nacheka, bado sijaamua.

Mzee akauliza, sasa apunguzie? Wapi, yameshachanua, utakachopata ni majani ya ng'ombe tu. Mwakani kwa tenki hilohilo apande sehemu moja ya tano ya heka, au alijaze mara tano kwa siku. Kisima chenyewe saa nne asubuhi kinatoa tope.