Neno Moja Kwenye Lebo

Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Busia, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya, alikuja kituoni kwetu Kampala akiwa na chupa 12 za sharubati nzito ya tangawizi, limau na asali, zote za sufuria moja. Anaipika mwenyewe, na wateja wake wako pande zote mbili za mpaka. Alitaka tumsaidie kupata alama ya ubora ili maduka makubwa yakubali kuiuza. Lebo alikwisha kuchapisha, 5,000, za rangi nzuri. Chini ya jina la bidhaa palisomeka: "Inatibu kifua, pumu na presha."

Tulifungua chupa moja tukaonja. Ni sharubati nzuri kweli. Kisha nikamwambia, "Mama, umepika kinywaji, lakini kwa maneno haya umekifanya dawa."

Kazi yangu ni kuwashauri wabunifu wanaoingia katika biashara zinazosimamiwa na sheria kali: chakula, dawa, vifaa vya tiba, fedha. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi si la ufundi. Mafundi tunao, nenda Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, ujionee. Kosa ni kutengeneza kitu, kukipa sifa, kukichapishia lebo, halafu ndipo umtafute mdhibiti. Ni kama kujenga nyumba hadi paa, kisha kuuliza kiwanja ni cha nani.

Kwa yule mama, sheria mbili zilikuwa zinamngojea. Vyakula na vinywaji vinavyouzwa vimefungashwa vinakaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lenye makao yake Bweyogerere. Hao ndio watoaji wa alama ya Q, ile alama ya ubora aliyoitaka. Dawa, za kisasa na za mitishamba, ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya 1993. Sharubati ni ile ile, chupa ni ile ile. Kinachoamua uende mlango gani ni ahadi unayompa mnunuzi. Ukisema ni kinywaji cha tangawizi, utaulizwa juu ya usafi wa jiko, vijidudu, ujazo wa chupa, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukisema inatibu presha, utaulizwa dozi ni ngapi, mjamzito anaweza kunywa au la, inagongana vipi na vidonge ambavyo mgonjwa tayari anavimeza, na ushahidi wa kwamba presha inashuka uko wapi. Njia ya kwanza mjasiriamali mdogo anaiweza. Ya pili inahitaji utafiti, miaka na fedha nyingi.

Wengi huona huo ni usumbufu wa ofisi tu. Mimi siuoni hivyo. Mgonjwa wa presha anayesoma neno "inatibu" anaweza kuacha vidonge vyake, na presha haipigi hodi. Anaweza asiumwe popote hadi siku atakapopooza. Mtoto wa pumu anaweza kupewa kijiko cha sharubati usiku badala ya kuvuta dawa yake. Ndiyo maana neno hilo lina bei.

Tuliliona jambo hili wazi Juni 2021. Wimbi la pili la korona lilikuwa limejaza wodi, na watu walikuwa wakiitafuta kwa udi na uvumba Covidex, dawa ya mitishamba iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kwanza NDA ilitangaza kwamba haijaiidhinisha. Mwisho wa mwezi huo, baada ya kuipitia, ikairuhusu itumike kama tiba ya kusaidia katika maambukizi ya virusi, si kama dawa ya kuponya korona. Wako waliokasirika: kama inafaa, kwa nini isisemwe inaponya? Kwa sababu usalama ni swali moja na uponyaji ni jingine, na hilo la pili hujibiwa kwa majaribio ya kitabibu kwa wagonjwa, wala si kwa ushuhuda wa jirani. Kwa maoni yangu, ruhusa ile yenye mipaka ni somo kwa kila mbunifu. Unaweza kuingia sokoni na dai dogo unalolimudu, huku ukiendelea kutafuta ushahidi wa dai kubwa.

Kwa vifaa vya tiba, safari huwa ndefu zaidi. Brian Gitta na wenzake walibuni Matibabu, kifaa cha kubana kidoleni kinachotafuta malaria kwa mwanga, bila kuchoma sindano. Mwaka 2018 kilishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Vijana wengi waliosikia habari ile walidhani siku ya tuzo ndiyo siku ya kuanza kuuza. Sivyo. Kifaa kinachopima ugonjwa huhukumiwa kwa wale kinaowakosa. Tuchukue mfano tu wa kifaa kinachowagundua wagonjwa 80 katika kila 100. Darasani hizo ni alama za juu. Kliniki, hao ni watoto 20 wenye malaria wanaorudishwa nyumbani bila dawa. Ili kujua idadi hiyo kwa haki lazima kifaa kijaribiwe kwa wagonjwa halisi, na kumgusa mgonjwa kwa ajili ya utafiti kunataka kwanza kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Panga muda huo na bajeti yake tangu siku ya kwanza, usije ukaishiwa ukiwa katikati ya majaribio.

Nirudi kwenye chakula, maana huko ndiko wengi wetu tulipo. Anayetaka kuuza unga wa uji wa watoto hudhani mtihani wake ni maabara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini, ile tunayoiita sumukuvu, isizidi sehemu 10 katika bilioni. Sumu hiyo huletwa na kuvu, shambani au ghalani, na moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo unga wako unafaulu au unashindwa miezi kabla ya kufika kinuni, siku mkulima wa Masindi anapoanika mahindi juu ya turubai au juu ya udongo mtupu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi. Ilipofungua tena baada ya siku chache, iliweka sharti la cheti kinachoonyesha kuwa kiwango hicho hakijavukwa. Cheti hakisafishi mahindi. Mbunifu mwenye akili hununua kipimo cha unyevu na turubai za wakulima wake kabla ya kununua mashine ya kufungashia.

Kwenye fedha nitapita haraka. Pesa za simu zilianza hapa 2009, na sheria kamili ya mifumo ya malipo ikaja 2020. Tangu 2021 kuna kanuni zinazomruhusu mbunifu kujaribu huduma yake kwa wateja wachache na kwa muda maalumu, chini ya macho ya Benki Kuu ya Uganda. Kama una wazo la malipo, anzia hapo.

Na nendeni mapema. Wadhibiti wetu hupokea maswali ya mtu ambaye bado hajatengeneza kitu, na kuuliza huko hakukutii hatiani. Beba maelezo ya bidhaa kwenye ukurasa mmoja, rasimu ya lebo isiyochapishwa, na daftari la kila mpiko: tarehe, viambato, vipimo, nani alipika. Nimeona biashara nzuri zikikwama kwa kukosa daftari hilo tu.

Mama wa Busia alizipoteza zile lebo 5,000, na ilimuuma. Mpya ameichora upya: sharubati ya tangawizi, limau na asali, viambato, ujazo, namba ya bechi, yaani ya mpiko. Tulipofika kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi akasema, "Andika mwaka mmoja." Nikamuuliza mwaka huo ameutoa wapi. Alinyamaza, kisha akaziacha kwetu chupa 11 zilizobaki, kwenye rafu, bila friji, kama zitakavyokaa dukani. Kila mwezi maabara inafungua moja. Wiki iliyopita tumefungua ya nne na ilikuwa salama, kwa hiyo kwa leo anaweza kuandika miezi minne.