Je, wajua kwa nini mdoli wa kufundishia wakunga hujazwa maji?

Ukitolewa kwenye boksi, mdoli wenyewe hauna hadhi yoyote. Umenywea kama mpira uliotoboka. Mwalimu anaujaza maji ya uvuguvugu, anafunga kizibo, kisha anampa mwanafunzi aushike. Hapo mikono inashtuka: uzito umekuwa wa kichanga, na kichwa kinaanguka nyuma kisiposhikiliwa.

Ndio mdoli uliotumika Tanzania tangu 2009, hospitali 8 zilipoanza kujaribu mafunzo ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa bila kupumua. Asili yake ni Norway, kwenye kampuni iliyowahi kutengeneza midoli ya watoto kuchezea na ambayo mwaka 1960 ilitoa mdoli wa kwanza wa kujifunzia kumpulizia hewa mtu aliyezimia.

Zoezi ni hivi. Mwalimu ameficha mkononi vipira vidogo vya kubinya. Kimoja kinafanya kitovu kidunde, kingine kinaufanya mdoli ulie. Mdoli "unazaliwa" na kukaa kimya. Mkunga ana sekunde 60, wenyewe huita dakika ya dhahabu: aukaushe, ausugue mgongo, asafishe njia ya hewa, na kama bado kimya, aweke barakoa usoni na kuanza kubinya mfuko wa hewa. Barakoa ikikaa upande kidogo tu, hewa inavujia shavuni na kifua kinabaki kimelala.

"Sista, angalia kifua!"

Anasogeza kidole, anakaza kidevu, anabinya tena. Kifua kinapanda. Hakuna aliyekufa, wala mama wa kwenda kupewa taarifa korido.

Sasa, mdoli huu umeacha karibu kila kitu cha mtoto. Umebakiza uzito, kitovu kinachodunda na kifua kinachopanda ukipatia tu. Na kwa maoni yangu siri iko hapo hapo: kifaa cha mazoezi hakihitaji kufanana na kitu chenyewe kila mahali, kinahitaji kufanana pale mkono unapokosea. Maji yanatosha kuudanganya mkono, na hayahitaji umeme.

Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam hii, walilijua jambo hili zamani. Mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kigogo kidogo cha mbao kilichochongwa kichwa, matiti na kitovu, bila mikono wala miguu. Alikiogesha, akakipaka mafuta, akakitunza nywele kama mwanawe, na akikipuuza aliambiwa atakuja kukosa mtoto. Mchongaji hakushindwa kuchonga miguu. Haikuwa na kazi. Hata lugha inakubali: binti aliyefundwa na kungwi tunasema amechezwa.

Marubani nao walipitia njia hiyo. Mwaka 1929 Edwin Link, kijana wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mifuko ya hewa ya vinanda akaiweka chini ya sanduku la mbao lenye mabawa mafupi, likawa linayumba kama ndege. Walioanza kulichangamkia ni wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wake wakawa wanakufa kwenye hali mbaya ya hewa, nalo likanunua masanduku 6. Rubani alifunikwa humo asione nje hata kidogo, na ndiyo maana lilifaa. Ndani ya wingu, sikio, ambalo ndilo linalotupa hisia ya kuwa wima, linaweza kukuambia uko sawa huku ndege imelala ubavu. Alichotakiwa kujifunza ni kuacha kuliamini sikio na kuamini mishale ya vipimo iliyo mbele yake.

Kwa kipimo hicho, kijana anayeshinda banda la gemu Tandika akicheza mpira kwenye skrini anajifunza kitu kweli, ila ni vidole vyake vinavyojifunza. Mguu haujui lolote. Miwani ya uhalisia pepe nayo ningeipima hivyo hivyo kabla ya kuulizia bei: inaonyesha mengi, lakini je, mkono unakutana na kosa lake?

Hata mdoli mzuri una mpaka wake. Matokeo ya zile hospitali 8, yaliyochapishwa 2013, yalionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa 47%. Lakini katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliochungulia kwa karibu waliona jambo la ajabu: baada ya mafunzo ya siku moja wakunga waliumudu mdoli vizuri kuliko mwanzo, ila walivyowahudumia watoto halisi wodini hakukubadilika. Mkono ulikuwa umefaulu mtihani, basi.

Kilichosaidia hakikuwa mdoli wa bei kubwa zaidi. Waliuleta ule ule karibu na chumba cha kujifungulia, na wakunga wakawa wanaufanyia mazoezi ya dakika chache kila wiki, hapo hapo kazini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.