Jinsi polima inavyonata juu ya uso wa kitu kigumu ndani ya kimiminika

Tumbukiza kipande cha kioo safi kwenye maji yenye polima kidogo iliyoyeyuka, kitoe, kisha kisuuze kwa maji matupu. Mara nyingi kioo hakirudi kilivyokuwa. Utando wa minyororo ya polima unabaki umeng'ang'ania, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni. Hali hii ya molekuli kutoka kwenye kimiminika na kukaa juu ya uso wa kitu kigumu, bila kupenya ndani yake, ndiyo inayoitwa adsopsheni. Molekuli ndogo pia hunata hivyo, ila nyingi zao ukizisuuza zinaondoka. Polima haziondoki, na ajabu ni kwamba nguvu inayoshika kila kipande chake ni dhaifu sana.

Polima ni mnyororo mrefu wa pingili zinazofanana. Chukua polietilini oksaidi yenye masi ya molekuli 100,000: ina pingili zipatazo 2,270. Ungeweza kuinyoosha yote, ingefika karibu nanomita 800. Ndani ya maji hainyooki. Hujikunjakunja ikawa bonge legevu la makumi machache ya nanomita, lisilotulia umbo hata kidogo. Bonge hilo likigusana na silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kioo, atomi za oksijeni kwenye pingili hushikana na hidrojeni zilizo juu ya uso. Lakini mahali pale palikuwa na maji, nayo yana mshiko wake. Ukitoa gharama ya kuyaondoa, faida inayobaki kwa kila pingili ni ndogo, inakaribiana na nishati ya msukosuko wa joto wenyewe, ambayo kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ni takriban jouli 4.1 × 10⁻²¹. Pingili moja ikiwa peke yake ingeng'olewa mara moja na msukosuko huo.

Sasa piga hesabu ya mnyororo mzima. Tuseme theluthi moja ya pingili zimegusa uso, yaani 750 hivi, na kila moja inaleta faida ya nusu tu ya nishati ile ya joto. Jumla ni mara 375 ya nishati hiyo. Uwezekano wa zote kuachia kwa mkupuo mmoja unakuwa wa kadiri ya 10⁻¹⁶³, na kwa lugha ya kawaida hiyo ni sawa na kusema haitatokea. Ni kama jongoo kwenye tawi: anainua miguu kadhaa kila wakati, na bado haanguki. Pingili za polima hubanduka na kunata tena muda wote, ila mnyororo haubanduki.

Kunata kuna gharama yake pia. Mnyororo ulio huru una maumbo mengi mno ya kuchagua, na ukishikwa usoni maumbo hayo yanapungua. Huo ni upotevu wa entropi, na kila pingili inaulipia. Kwa hiyo kuna kizingiti: mvuto wa kila pingili ukiwa chini ya sehemu fulani ya nishati ya joto, mnyororo haunati kabisa, bali hukaa mbali na uso. Ukivuka kizingiti hicho kidogo tu, minyororo mirefu inanata kwa wingi. Hakuna eneo pana la katikati, na hili ndilo linalozitofautisha polima na molekuli ndogo kuliko jambo lingine lolote.

Picha inayochora mnyororo umelala bapa kama uzi uliobandikwa inapotosha. Mwaka 1951 watafiti Jenkel na Rumbach walikuta kwamba kiasi kilichonata kilikuwa kikubwa kuliko ambacho tabaka moja la pingili zilizolala lingeweza kubeba. Wakapendekeza umbo ambalo mpaka leo ndilo linalotumika: vipande vilivyolala juu ya uso, vitanzi vinavyochomoza kati ya kipande na kipande, na mikia miwili inayoning'inia kwenye kimiminika. Baadaye, kuanzia 1979, watafiti Scheutjens na Fleer walionyesha kwa hesabu kwamba mikia ina umuhimu zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Ni pingili chache tu zilizo huko, lakini ndizo zinazofika mbali zaidi na uso, kwa hiyo ndizo zinazoamua chembe jirani itasogea hadi wapi. Kwa polima nyingi zisizo na chaji ya umeme, tabaka lote lina uzito wa takriban miligramu moja kwa kila mita ya mraba. Polima zenye chaji, zikiwa kwenye uso wenye chaji iliyo kinyume na yake, ndani ya maji yasiyo na chumvi nyingi, hulala bapa zaidi.

Je, kilichonata kimenata milele? Hapana. Maji matupu hayakiondoi, ila mshindani anakiondoa. Minyororo mirefu ikija baada ya mifupi huichukulia nafasi polepole, kwa kuwa pingili moja inapobanduka, ya mgeni inaweza kuingia pale pale. Molekuli ndogo inayoupenda uso zaidi ya pingili, ikiwekwa kwa wingi, inaweza kufagia tabaka zima. Na kwa silika ile ile, fanya maji yawe alkali kali: uso unapoteza hidrojeni zake, pingili zinakosa cha kushika, na polietilini oksaidi inaachia.

Faida ya haya yote inaonekana pale vitu vigumu vinapokuwa chembe ndogo zinazoelea. Wino wa masizi na gundi ya mti, uliotumika tangu Misri ya kale, unategemea jambo hili: gundi inanata kwenye masizi, vitanzi na mikia inazuia chembe zisikaribiane, na wino hautuami upesi. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday naye aliona mwaka 1857 kwamba jelatini inazikinga chembe za dhahabu zisigandane. Ili ukinzani huu ufanye kazi, uso lazima ufunikwe vizuri na kimiminika kiwe kinaiyeyusha polima ile. Kikiwa kiyeyusho kibaya, mikia ya chembe mbili badala ya kusukumana hushikana.

Polima hiyo hiyo inaweza kufanya kinyume kabisa. Ikiwa kidogo, uso unabaki na nafasi tupu, na mnyororo ulioshika chembe moja unanyoosha kitanzi chake hadi chembe ya pili na kuishika nayo. Chembe zinaunganishwa kuwa mabonge yanayozama. Mitambo ya kusafisha maji hutumia polima ndefu sana iitwayo poliakrilamaidi kwa kazi hii, kwa dozi ambazo mara nyingi hazifiki miligramu moja kwa lita. Ukizidisha dozi, kila chembe inavikwa kikamilifu, hakuna pa kushika, na maji yanabaki na tope. Anayedhani polima nyingi itasafisha zaidi anapata kinyume chake.

Muda nao una kazi hapa. Mnyororo mrefu unapotua tu, vitanzi vyake viko juu. Ukiachwa, unajilaza taratibu na kuwa bapa. Daraja kati ya chembe na chembe lazima lijengwe kabla ya hapo, kwa hiyo polima huchanganywa haraka ili isambae na chembe zigongane mapema, kisha mwendo unapunguzwa. Ukiendelea kukoroga kwa nguvu, mabonge yanavunjika, baadhi ya minyororo inakatika, na mingine inajilaza juu ya chembe iliyobaki nayo. Ndiyo maana mabonge yaliyovunjwa hivyo, hata yakiachwa yatulie, kwa kawaida hayarudi kuwa makubwa kama mwanzo.