Kusikiliza kikao cha klabu ya kompyuta kwa sauti ya mubashara: dhana potofu na ukweli

Mwanachama anayeishi Ruashi au Katuba, na zaidi yule wa Kipushi au Likasi, si rahisi afike katikati ya Lubumbashi kila kikao kinapofanyika jioni. Njia ya kumfikishia kikao kwa sauti ipo, lakini wengi huikataa kwa sababu zisizo na msingi.

Inayotajwa kwanza ni kwamba kusikiliza kunamaliza mega, yaani data ya intaneti. Wanaosema hivyo huchanganya sauti na video. Sauti ya mzungumzaji iliyobanwa kwa kodeki (mfumo wa kupunguza ukubwa wa sauti) ya Opus, ambayo ilisanifishwa mwaka 2012, husikika vizuri hata kwa kilobiti 24 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 11 kwa saa nzima. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ingekula megabaiti 450 katika muda huohuo.

Wengine huamini kwamba wasikilizaji wakiongezeka, intaneti ya ukumbini italemewa. Hilo ni kweli pale tu kompyuta ya ukumbini inapomhudumia kila msikilizaji yenyewe. Ikitumiwa seva ya mbali, yaani kompyuta iliyo kwingine kwenye intaneti, yenye programu ya kurusha sauti kama Icecast, ukumbi hupeleka mkondo mmoja, na seva ndiyo inayowagawia watu 5 au 50.

Sauti ikiwa mbovu, lawama huangukia mtandao. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti hukatikakatika au hunyamaza kisha ikarudi. Lakini ikisikika kwa mbali, yenye mwangwi, tatizo ni kipaza sauti. Kila umbali kati yake na mdomo unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka mdomoni huingia ikiwa imepungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa kuta hubaki uleule. Kompyuta iliyoachwa mwisho wa meza, katika ukumbi wa mabati, wakati wa mvua za Januari, haitaokolewa na intaneti ya kasi yoyote.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni kwamba asiyeona skrini hafaidiki. Kinachomnyima faida ni mazoea ya mzungumzaji. Akisema «bonyeza hapa, kisha pale», aliye Likasi amepotea. Akisema «fungua menyu ya Fichier (Faili) juu kushoto», kwa kuwa kompyuta nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, wote wanakwenda pamoja naye. Vivyo hivyo amri ya kuandikwa kwenye Linux, kama sudo apt update, inapaswa kusomwa polepole, neno kwa neno, nafasi zikitajwa, na ujumbe wa kosa usomwe wote badala ya kuonyeshwa kwa kidole. Mwanachama asiyeona hunufaika kwa utaratibu huo hata akiwa ameketi ukumbini, na kwa maoni yangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuufuata.

Mwisho, mubashara si sawa na papo hapo. Sauti hutunzwa kwanza kidogo ili isikatike, hivyo humfikia msikilizaji ikiwa imechelewa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Msimamizi anayeuliza «Kuna swali?» na kufunga mada mara moja huwa amewafungia nje walio mbali kabla hawajalisikia swali lake. Tangazo nalo litaje saa za mji gani, kwani kikao cha saa kumi na mbili jioni Kinshasa huanza saa moja usiku Lubumbashi.