Sifuri ya injini si ahadi ya sare

Kila mara mwanafunzi wa sataranji huniletea mchezo alioupoteza mwishoni, akanionyesha simu na kusema: "Mwalimu, injini (programu ya kompyuta inayochambua sataranji na kutoa namba: chanya mweupe ana nafuu, hasi mweusi, sifuri sawa) ilisoma 0.00, nilikuwa salama." Dhana hii hunisikitisha kuliko zote, kwa kuwa humfanya mtu aache kufikiri pale hasa anapotakiwa kufikiri zaidi.

Ukweli ni kwamba 0.00 hueleza matokeo endapo hakuna upande utakaokosea, wala haisemi lolote kuhusu ugumu wa kuyafikia. Mweke mfalme mweupe d5 (herufi hutaja safu, namba hutaja mstari), askari wake e6 na mfalme mweusi e7, zamu ikiwa ya mweusi. Injini itasema sare, na ni kweli. Hata hivyo, mfalme mweusi ana miraba minne tu ya kwenda, yaani d8, e8, f8 na f6, na ni e8 peke yake inayomwokoa: mweupe akija d6 hujibiwa d8, askari akisukumwa e7 mfalme hurudi e8, na mweupe akikaa e6 kumlinda askari, mweusi hana pa kwenda ilhali hatishiwi, na hiyo ni sare. Akianza kwa d8 au f8, mweupe huingia d6, na hata mweusi akikimbilia e8, askari hufika e7 bila kumtishia, naye hulazimika kwenda f7 na kumwachia mweupe d7, ndipo askari hupita hadi mwisho. Chaguo tatu kati ya nne ni kushindwa, na ile sifuri haikukuonya. Ndiyo maana nasisitiza kila siku: iamuru injini ionyeshe hatua tano bora, si moja, kisha uhesabu ngapi zinahifadhi sare.

Wengine huamini kwamba +3.00 ni ushindi uliokwisha. Mweupe mwenye askari wa safu ya h na askofu wa miraba myeupe hawezi kumng'oa mfalme mweusi aliyekwisha kukaa h8, kwa hiyo ni sare ingawa ana vipande vya ziada. Namba isiyopanda baada ya hatua kumi, hata ikiwa kubwa, ichunguzeni.

Wala +1.00 si askari mmoja wa ziada: tangu toleo la 15.1 la injini ya Stockfish, mwaka 2022, humaanisha uwezekano wa 50% wa kushinda, tena injini ikicheza na injini. Na ukishuka kutoka +25 hadi +8 kwa kubadilishana ngome ili ubaki na askari asiyezuilika, hukukosea. Umechagua njia unayoimudu.