Hela ya Muscat Inapofika Kondoa

Kila mwaka wanafunzi wetu wa mipango ya maendeleo hapa Dodoma huniuliza swali lilelile: Watanzania kwenda kufanya kazi nje kunaijenga nchi au kunaibomoa? Nikiwapa jibu la darasani wanaliandika, wanafaulu mtihani, wanalisahau. Siku hizi nawaambia waende kwanza wakakae kwa wakala wa pesa.

Kaa kwenye benchi la wakala pale Kondoa mjini, mwisho wa mwezi. Anakuja mama na kitochi chake, anampa wakala amsomee meseji. Binti yake yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Zimeingia laki tatu. Hata hazijatolewa, mama ameshazigawa: laki na nusu ada ya kitinda mimba, elfu themanini deni la duka la pembejeo alikoandikwa kwenye daftari, iliyobaki mahindi. Mtaalamu akipita hapo na dodoso lake ataandika kwamba fedha yote imekwenda kwenye matumizi. Nasema ameandika vibaya. Ada ni uwekezaji, tena wa miaka mingi, na mahindi yaliyonunuliwa mwezi wa pili yamemwokoa mbuzi asiuzwe kwa bei ya kutupa.

Kanda hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ikikataa, inakataa kwa wote. Jirani ambaye ungemkopa debe naye anakwangua kihenge. Mtoto aliye ng'ambo hategemei mawingu ya Kondoa. Ndiyo maana fedha za aina hii mara nyingi huongezeka nyumbani kunapokuwa kugumu, wakati mtaji wa mwekezaji hukimbia palepale penye shida. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, mwaka 2023 fedha zilizotumwa nyumbani kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati zilikuwa takriban dola bilioni 656, nyingi kuliko misaada ya maendeleo na kuliko mitaji ya wawekezaji wa nje.

Hata hivyo fedha hizi ni mshahara wa mtu. Nasikia viongozi wakizizungumzia kana kwamba ni fungu la bajeti lililosahaulika. Binti anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja hawezi kudaiwa zahanati ya kijiji. Serikali zinaweza kumfanyia kitu kimoja, nacho ni kupunguza makato. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama ya kutuma ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kuja Afrika kusini mwa Sahara, wastani umekuwa zaidi ya asilimia 7. Kwenye dola 200 hiyo ni zaidi ya dola 14. Kwetu ni debe la mahindi na chenji inabaki.

Fedha ndiyo tunayoihesabu kwa sababu inahesabika. Ujuzi haupiti kwa wakala, huingia na watu. Zabibu za Dodoma, ambazo leo tunajisifu nazo kama za babu zetu, zilianzia Bihawana katika miaka ya 1950 kwa wamisionari wa Kiitaliano. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi takriban 162,000 wa ukimbizi wa 1972 na watoto wao, wengi wakiwa wakulima wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, makazi yaliyokuwa pori walipopelekwa. Ujuzi pia hutoka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo nchi nyingine hazipaswi kuzifanya shamba la kuvunia wauguzi.

Kuna dhana moja iliyozoeleka hata maofisini: tukiendelea, watu wataacha kuondoka. Tafiti za wachumi, akiwemo Michael Clemens, zinaonyesha kwamba kipato cha nchi maskini kinapoanza kupanda, wanaoondoka huongezeka kwanza. Sababu yake ni rahisi, safari ina nauli. Maskini kabisa wa Ugogo huishia Kibaigwa au Dar es Salaam. Anayefika ng'ambo ana ng'ombe wa kuuza au ndugu wa kumkopesha.

Vijana wa Ethiopia wanaopita kwetu kwenda Afrika Kusini ni hao hao, familia zao zimeuza kitu. Njia yenyewe ya kukatiza nchi yetu si ngeni. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, na Wagogo wakaitoza hongo, wakati huo ikiwa ushuru wa njia, kabla neno halijaharibika. Juni 2012, huko Chitego wilayani Kongwa, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wamelipia safari hiyo.

Mabinti wetu hawapakiwi kwenye lori, hupanda ndege. Anakuja dalali: "Hulipi hata shilingi, tunagharamia sisi." Pasipoti, viza, tiketi, vyote vinaandikwa, na binti anafika na deni asilolijua kiasi. Katika nchi kadhaa za Ghuba kibali chake kimefungwa kwa mwajiri, kwa utaratibu wanaouita kafala. Akitoroka mateso, yeye ndiye anahesabiwa mkosaji. Kondoa miezi inapita bila meseji, na mama anaamini amesahauliwa.

Wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni, na ukweli wake unaulizwa ofisi za kazi au TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira. Mkataba uwe na jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko, na nakala ibaki nyumbani. Namba ya ubalozi iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa. Karatasi iliyoshonewa kwenye pindo la gauni hakuna anayeitafuta.